Sheria za kijiwe: Kubalianeni haya kabla ya kucheza drafti, bao au karata

Ubao ni ule ule, kete ni zile zile za vizibo vya soda. Lakini mgeni akila kete ya kwanza tu, kelele zinaanza: "Kwetu haichezwi hivyo!"

Si lazima kuwe na mtu anayeiba mchezo. Mara nyingi wote wawili wako sahihi, ila kila mmoja anafuata sheria za alikojifunzia.

Mkulima wa Milepa, bondeni Rukwa, anaweza kukaa ubao mmoja na dereva aliyeshuka kutoka Sumbawanga mjini au mnunuzi wa mazao aliyetoka Mbeya. Wasipoulizana mapema, mchezo unageuka mzozo. Kama kuna hela mezani, unaweza kugeuka ugomvi wa kweli.

Drafti: ulizeni haya

Ubao uliozoeleka una vyumba 64 na kila mchezaji anaanza na kete 12. Huko duniani kuna drafti nyingine ya vyumba 100 na kete 20. Humo kete ya kawaida inaruhusiwa kula kurudi nyuma, na ni lazima ufuate njia yenye kete nyingi zaidi za kuliwa. Kwa Waingereza nako, kingi anasogea chumba kimoja tu, wakati vijiwe vingi vya kwetu vinamwachia atembee mbali.

Kwa hiyo kabla ya kuanza:

• Kula ni lazima au hiari?
• Aliyeacha kula anarudishwa kula, au kete yake inaondolewa?
• Kete inakula nyuma?
• Ukigusa umecheza, au unaruhusiwa kubadili mawazo?
• Wakibaki makingi watupu, sare inatangazwa lini?

Bao: semeni ni bao gani

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, 6 kati ya hizo zikiwa kwenye nyumba, na 22 zinabaki mkononi. Bao la kujifunza ni jepesi zaidi: kila shimo linawekwa kete 2 na hakuna kete ya mkononi.

Mmoja akija na hesabu za nyumba na mwingine akiwa anajua la kujifunza tu, hapo hakuna mechi. Mmoja atafungwa bila kuelewa kafungwaje.

Karata: hapa ndipo penye kesi nyingi

Kwenye lasti kadi, karata ya 2 kwa kawaida inamwokotesha anayefuata karata mbili. Je, naye akiwa na 2 anaweza kusukuma mzigo mbele? Joka anaokotesha ngapi? Unaruhusiwa kumaliza kwa karata ya adhabu? Ukisahau kusema "lasti kadi", unaokota ngapi? Majibu yanabadilika mtaa kwa mtaa.

Umekuja kufanya nini?

Sheria zikieleweka, bado kuna suala la matarajio. Mmoja amekuja kupoteza muda na kupiga stori, mwingine amekuja kushinda. Mmoja anapenda utani wa kijiwe, mwingine anauona ni dharau, hasa kijana anapomtania mzee. Watazamaji nao: wanaruhusiwa kufundisha, au wanakaa kimya?

Hata wachezaji wa Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974, walikutana na tatizo hili. Siku hizi makundi mengi ya mchezo huo yanafanya kikao kabla ya mchezo wa kwanza. Wanasema wanataka hadithi ya aina gani, nini hakitaguswa, na nani ana neno la mwisho ubishi ukitokea. Baadhi wanaweka mezani karata yenye alama ya X: mtu akiigusa, jambo lililomkera linarukwa bila maswali.

Hela ni habari nyingine

Kuwekeana soda na kuendesha kamari si kitu kimoja. Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na kuendesha michezo hiyo bila leseni ni kosa. Hata soda yenyewe, semeni mapema nani ananunua na sare itahesabiwaje.

Dakika mbili zinatosha

1. Mwenyeji aseme sheria za kijiwe kabla kete haijasogea.
2. Mgeni aulize asichokielewa. Kuuliza si ujinga.
3. Chagueni mtu mmoja wa kuamua ubishi, asiwe mchezaji.
4. Likitokea ambalo hamkulisema, rudisheni hatua moja na mkubaliane. Sheria mpya isimwadhibu aliyekwisha kucheza.
5. Mechi ya kwanza iwe ya kuzoeana, isihesabiwe.

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Sawa, mgeni atafuata sheria za mwenyeji. Lakini ni lazima aambiwe kabla, si baada ya kuliwa kingi wake.