Ngamia wa Vitabu na Vita Vilivyokosa Rafu

Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianzisha maktaba ya ngamia mjini Garissa. Ilianza na ngamia watatu waliopeleka masanduku ya vitabu hadi kwa wafugaji ambao gari lisingewafikia, na picha zao zikazunguka dunia. Hata hivyo, kwa waliokulia nyika hii inayoshuka hadi Sangailu, karibu na mpaka wa Somalia, serikali na ngamia walishakutana zamani, tena kwa shari.

Mwaka 1962 tume ya Waingereza iliona kwamba Wasomali wengi wa eneo hili walitaka kuungana na Somalia. Matakwa yao yalipuuzwa. Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru, hali ya hatari ilitangazwa na vita vya Shifta, uasi wa waliotaka kujitenga, vikashika kasi. Redio ya taifa iliwaita waasi majambazi. Redio Mogadishu iliwaita wakombozi. Kuanzia 1966 wafugaji walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa, na ngamia wao wakatwaliwa au wakapigwa risasi.

Miaka hiyohiyo ndiyo iliyozaa maktaba za taifa: sheria ya kuziunda ilipitishwa 1965, na kazi ikaanza 1967, mwaka ambao Kenya na Somalia zilipatana mjini Arusha. Mwaka 1970 sheria nyingine iliwakinga watumishi wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyatenda vitani. Yakafuata mauaji ya raia mikononi mwa vikosi vya serikali: ya Garissa, 1980, na ya Wagalla, Wajir, 1984. Hali ya hatari haikuondolewa hadi 1991.

Maktaba haihitaji kusema uongo ili iihudumie serikali. Hutosha kuchagua. Ngamia wa 1996 walibeba hasa vitabu vya Kiingereza na Kiswahili, lugha za mtihani, kwa watoto walioota ndoto kwa Kisomali. Wakutubi walitembea juani kwa moyo safi, na watoto walinufaika kweli. Lakini mtoto aliyetaka kujua babu yake alifilisikaje hakuwa na budi kumwuliza babu mwenyewe.

Na babu alikumbuka. Kumbukumbu ilitunzwa majumbani, visimani na katika mashairi ya Kisomali, hadi Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipoketi Garissa mwaka 2011 kusikiliza. Ripoti yake, iliyokabidhiwa kwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013, iliyataja mauaji ya Garissa na Wagalla kwa majina na ikaandika mateso ya vita vya Shifta. Ni mabuku mazito ya Kiingereza ambayo wafugaji wengi wa Sangailu hawawezi kuyasoma.

Katiba ya 2010 iliziweka maktaba mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo swali la nini kinapandishwa mgongoni mwa ngamia si la Nairobi peke yake tena. Garissa inaweza kuanza na sura za ripoti hiyo zinazoihusu, zikifasiriwa kwa Kisomali na Kiswahili, na sauti za wazee zikirekodiwa wangali hai.