Mto uMngeni na mchanga wa Point

Reli ya kwanza ya Afrika Kusini ilikuwa fupi mno: kilomita 3 hivi, kutoka uwanja wa soko wa Durban hadi Point, kwenye lango la bandari. Ilifunguliwa tarehe 26 Juni 1860. Mwaka 1867 ikarefushwa, na haikwenda bara kufuata mazao wala makaa ya mawe. Ilielekea kaskazini, hadi ukingoni mwa mto uMngeni, kufuata mawe. Kazi za bandari zilihitaji mawe, na yaliyokuwa karibu yalichimbwa kando ya mto huo.

Point yenyewe ni ulimi wa mchanga kati ya Bahari ya Hindi na ghuba ya Durban, ukitazamana na mlima wa Bluff ng'ambo ya lango. Siku hizi kuna majumba ya ghorofa, mbuga ya burudani ya uShaka iliyofunguliwa mwaka 2004, na gati la meli za watalii. Mlango wa uMngeni uko kilomita chache kaskazini, panapoitwa Blue Lagoon, kwa hiyo mtu anaweza kuishi Point miaka nenda rudi asiuwaze mto. Wazee wa mji huo hawakuwa na nafasi hiyo.

Chanzo cha uMngeni ni kinamasi cha nyasi katika nyanda za juu za KwaZulu-Natal, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako miaka mingine theluji huanguka wakati wa kipupwe. Mwaka 2013 kinamasi hicho kiliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Humo hutaga korongo mkubwa mwenye mgongo wa kijivu, shingo nyeupe na nyama mbili zinazoning'inia chini ya kidevu, ndege ambaye Afrika Kusini wamebaki wachache sana. Udongo mweusi wa pale hunyonya mvua za Oktoba hadi Machi na kuziachia kidogo kidogo miezi ya ukavu. Mamilioni ya watu wa Durban na Pietermaritzburg wanakunywa maji ya bonde hili.

Kutoka hapo hadi baharini ni kilomita 230 hivi. Si mto mrefu. Pangani unauzidi kwa mbali. Lakini katika mwendo huo mfupi unashuka karibu mita 1,800, na humo ndimo zilimo nguvu zake. Mjini Howick unaporomoka mita 95 kwa mkupuo mmoja, mahali Wazulu wanapopaita KwaNogqaza. Karibu na mji huo ndipo polisi walipomkamata Nelson Mandela tarehe 5 Agosti 1962, akiwa amejifanya dereva, miezi michache tu baada ya kuonana na Mwalimu Nyerere Dar es Salaam. Mbele zaidi uMngeni unapokea maji ya Msunduzi yatokayo Pietermaritzburg, na katika Bonde la Vilima Elfu unajipinda huku na huku kabla ya kuingia Durban. Mwaka 1951 Ian Player aliandaa mashindano ya mitumbwi kupitia mito hiyo miwili. Walianza watu 8. Aliyefika ni yeye peke yake, baada ya siku zaidi ya 6, tena akiwa ameumwa na nyoka njiani. Mashindano hayo yapo hadi leo.

Kwenye mlango wa mto, ukingo wa kaskazini, kuna msitu wa mikoko wa Beachwood. Mtu wa Lamu au wa delta ya Rufiji akipelekwa pale ataitambua miti yote bila kuuliza: mchu, msinzi, mkoko wenyewe.

Zamani uMngeni haukushika njia hii moja. Tambarare iliyobeba katikati ya Durban ni udongo wa mto na mchanga wa bahari uliorundikana kwa maelfu ya miaka, na kati ya mto na ghuba palikuwa na mabonde ya majimaji. Aprili 1856, mvua ilipopiga siku kadhaa mfululizo, uMngeni ulivunja kingo, ukafuata bonde la mashariki na kumwaga maji yake ghubani, nyuma ya Point. Mji mchanga wa walowezi wa Kiingereza ukazungukwa na maji.

Mbele ya Point nako kulikuwa na taabu nyingine: fungu la mchanga lililoziba lango la bandari. Maji yakipwa, kina juu ya fungu hilo kilikuwa mita 2 hivi tu. Meli kubwa zilitia nanga nje, kwenye mawimbi, na mwaka 1850 meli ya walowezi iitwayo Minerva ilisukumwa kwenye miamba ya Bluff ikavunjika. Kwa miaka mingi abiria waliingizwa katika kapu kubwa, wakainuliwa kwa winchi na kuteremshwa kwenye chombo kidogo kilichowavusha hadi Point.

Hii ndiyo pwani waliyoiona watumwa walioachwa huru waliofikishwa Durban Agosti 1873 kwa manowari ya Kiingereza Briton. Walikuwa zaidi ya 100, na wengine wakafuata hadi 1880. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini kwa kuwa walipitia mikononi mwa ubalozi wa Uingereza Zanzibar, Durban iliwaita Wazanzibari, na jina likabaki. Waliishi King's Rest, upande wa Bluff, na kujenga msikiti wao. Serikali ya ubaguzi wa rangi iliwang'oa huko katika miaka ya 1960 na kuwapeleka Chatsworth, eneo lililo kati ya mito Umhlatuzana na Umlaas.

Wahandisi walilipigania lango la bandari nusu karne. Walijenga kuta za kuvunja mawimbi, wakachimba, wakabishana. Mwaka 1904 Armadale Castle ikawa meli ya kwanza ya barua kuvuka na kuingia bandarini. Lakini mchanga wa Point hautoki uMngeni. Mawimbi ya pwani hii huusukuma kutoka kusini kwenda kaskazini, ukizunguka Bluff. Kuta zikiuzuia, fukwe za mji zinakosa chakula chake. Ndiyo maana Durban hulazimika kuuchota mchanga kusini mwa lango na kuusukuma kwa mabomba hadi kwenye fukwe.

Fukwe zilizo kaskazini ya Blue Lagoon ndizo zilizokuwa zikilishwa na uMngeni, na huko nako mkono wa binadamu umefika. Mto umezibwa kwa mabwawa manne makubwa: Nagle mwaka 1950, Midmar 1965, Albert Falls 1976 na Inanda 1989. Kila bwawa linashika maji, na pamoja na maji linashika mchanga. Mchanga unaobaki chini ya Inanda unachimbwa na malori kwa ajili ya ujenzi. Kwa maoni yangu hesabu hii haijafanywa kwa uaminifu: mji unalipa gharama ya kusukuma mchanga Point, na wakati huohuo unaruhusu mchanga wa bure wa mto wake uondoke kwa lori.

Mto ulifurika kabla ya mabwawa hayo na umeendelea kufurika baada yake, na wanaoumia ni walewale. Oktoba 1917 maji yaliwakumba wakulima wa mboga wa Kihindi huko Springfield, katika makazi ya mabati yaliyoitwa Tin Town. Wavuvi 6 wakiongozwa na Mariemuthoo Padavatan waliingia na mashua katikati ya mkondo, wakarudi tena na tena, wakaokoa watu zaidi ya 170. Mwaka 1976 Tin Town ikafurika tena, na wakazi wake wakahamishiwa Phoenix. Tarehe 11 na 12 Aprili 2022 mvua ilizidi milimita 300 kwa siku moja katika baadhi ya vituo, na zaidi ya watu 400 walikufa katika jimbo. Vibanda vya Quarry Road, kando ya kijito cha Palmiet kinachoingia uMngeni, vilisombwa. Barabara ya Bayhead inayohudumia makontena ya bandari ilikatika, na maji machafu kutoka mitambo iliyoharibika yakafunga fukwe za Durban kwa miezi.

Na bado maji ya kunywa hayatoshi. Tayari mto Mooi unasukumwa kutoka bwawa la Spring Grove hadi Midmar. Unaofuata katika mpango ni uMkhomazi, unaoshuka kutoka milima ya Drakensberg na kufika baharini kusini mwa Durban. Mradi wa kujenga bwawa la Smithfield na kuchimba handaki la kuyaleta maji yake upande huu umekuwa mezani kwa miaka mingi. Mchanga wa uMkhomazi ni miongoni mwa ule ambao mawimbi hubeba kuelekea Bluff, kwa hiyo bwawa hilo likijengwa, Point nayo italazimika kuhesabu upya mchanga wake.