Barua ya Chuo: Ticha Ama Mheshimiwa? Wasee wa Garissa, Kujeni Hapa

Kwanza tuelewane. Ukienda chuo kupitia KUCCPS, hakuna mtu atakuitisha barua ya mapendekezo. Ni gredi zako za KCSE na kozi ulizochagua, basi. Barua inaanza kukusumbua ukitafuta chuo cha majuu ama ufadhili. Vyuo vingi vya Marekani vinavyotumia Common App hutaka barua ya ticha mmoja ama wawili, na ingine kutoka kwa mshauri wa wanafunzi. Huku kwetu hiyo ya mshauri huangukia prinsi, naibu wake, ama ticha wa ushauri.

Sasa hapo ndio msee wa Garissa, Wajir ama Mandera hukwama. Novemba 2014 basi la kutoka Mandera lilivamiwa, watu 28 wakauawa, walimu wakiwemo. Aprili 2015 ikawa Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, na TSC ikahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Kwa hivyo unaweza kupata ticha wa kemia aliyekujua poa tangu Fomu 2 ako Machakos saa hii, na silabasi ulimaliziwa na kijana wa BOM aliyetoka fomu foo juzi tu.

Wengi wakifika hapo hukimbilia mheshimiwa. Nilifanya hivyo pia, sitataja nani. Nilirudishiwa mistari minne, jina langu limekosewa, ati mimi ni kijana mwenye nidhamu kutoka familia nzuri. Huyo mtu alikuwa ameniona mara moja, kwa harusi.

Chifu pia mwache na fomu za basari. Anajua boma yenu, hajui venye unafikiria. Na abti wako, hata akiwa profesa, ni damu yako, barua yake haina uzito. Najua Garissa kila mtu ni abti ama adeer wa mtu, lakini jaribu. Maalim wa dugsi anaweza kuandika ya ziada kama chuo kinaruhusu, ila hachukui nafasi ya ticha wa darasa.

Msake yule wa Machakos. Namba yake iko na ticha mwenzake aliyebaki staffroom. Hahitaji kurudi Garissa: Common App humtumia linki kwa imeli, anapandisha barua mwenyewe. Mkumbushe na vitu, si maneno matamu. Mpigie picha ripoti fomu, ile eksperimenti mlifanya bila gesi, zile jioni ulikuwa unafunza wenzako. Kijana wa BOM usimdharau pia. Kama alikuona ukipambana mwaka mzima, ako na story ya kusema, na ataandika kwa karatasi ya shule.

Halafu kuna kitu watu hawajui. Barua ya prinsi ndio mahali pa kueleza hali ya shule. Mtu wa Boston akiona B ya fizikia hajui ulikaa miezi bila ticha wa fizikia. Muombe prinsi aandike hiyo wazi: walimu wangapi waliondoka, lini, na wewe ulifanya nini hapo katikati. Wewe ukijieleza itasomeka kama kisingizio. Yeye akisema ni rekodi ya shule.

Omba mapema, muhula wa pili hivi. Dedlaini za kwanza huanza karibu Novemba 1, na Novemba ni KCSE, ticha hatakuwa na wakati wako. Common App itakuuliza kama unaachilia haki ya kusoma barua zako; kubali, chuo kitaiamini zaidi.

Na ticha akikuambia, "Andika mwenyewe nitaweka sahihi," usikubali. Mpelekee ukurasa mmoja wa pointi, umwambie kwa heshima, "Mwalimu, maneno yawe yako." Akikataa kabisa, enda kwa mwingine.