Kutoka Kua hadi Mabibo: Bandari, Mpaka wa Ushuru na Kampuni za Viwanda katika Maeneo Huru

Magofu ya Kua yapo upande wa magharibi wa kisiwa cha Juani, Mafia. Insha hii inauchukua mji huo kama kipimo cha swali la sasa: kwa nini kampuni za viwanda zinazoanzishwa chini ya sheria za maeneo huru hujikusanya mahali fulani na kuviacha visiwa kama Mafia? Hoja inayotetewa ni kwamba msamaha wa kodi hauzai kiwanda peke yake. Hukikuza pale tu ambapo bandari, nishati na ardhi vimekwisha kuandaliwa.

Kua ulikua kwa biashara ya pepo za msimu. Misikiti, makaburi na jumba kubwa la mawe ya matumbawe ni ushahidi wa utajiri wake. Mwanzoni mwa karne ya 19 mji ulivamiwa na Wasakalava kutoka Bukini, ukaharibiwa, na wakazi wake wengi wakauawa au kutekwa. Baada ya hapo kitovu cha utawala na biashara kilikuwa kisiwa jirani cha Chole, chini ya masultani wa Zanzibar, katika uchumi wa mashamba ya minazi uliotegemea kazi ya watumwa.

Mwaka 1890 mkataba kati ya Uingereza na Ujerumani uliiweka Mafia upande wa Wajerumani na Zanzibar chini ya himaya ya Waingereza. Miaka miwili baadaye, 1892, Zanzibar ilitangazwa kuwa bandari huru. Basi soko la jadi la Mafia likawa ng'ambo ya mpaka wa dola nyingine, na unafuu uliotolewa huko haukuwa wa Wamafia kuuamua. Mwaka 1913 Wajerumani walihamisha makao yao kutoka Chole kwenda Kilindoni, penye nanga bora kwa meli. Kwa mara nyingine maji ya bandari yaliamua hatima ya mji.

Mantiki hiyo imeendelea katika sheria za karibuni. Zanzibar ilitunga sheria ya maeneo huru ya kiuchumi mwaka 1992. Tanzania Bara ilifuata mwaka 2002 kwa sheria ya uzalishaji kwa mauzo ya nje, na mwaka 2006 kwa sheria ya maeneo maalumu ya kiuchumi. Mwekezaji husajili kampuni, huomba leseni, hupata cheti cha tathmini ya mazingira, kisha hupangiwa eneo. Chini ya utaratibu wa mwaka 2002, kampuni ilipaswa kuuza nje angalau asilimia 80 ya bidhaa zake. Nayo ilisamehewa kodi ya mapato kwa miaka 10 pamoja na ushuru wa mitambo na malighafi. Mfano mashuhuri, eneo la Benjamin William Mkapa, ulijengwa Mabibo, Dar es Salaam, karibu na bandari kuu ya nchi.

Kwa Juani, masharti hayo yana uzito mwingine. Malighafi ya kuuza nje, yaani mazao ya bahari, ipo. Lakini lazima ivushwe hadi bara kabla ya kupakiwa melini. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 1995 Juani imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ambamo matumizi ya bahari na pwani yamewekewa mipaka. Mvuvi wa Juani hubeba gharama ya uhifadhi, ilhali ajira za viwanda vya mauzo ya nje hubaki bara.

Mwaka 2025 sheria za uwekezaji na za maeneo maalumu ziliunganishwa chini ya mamlaka moja. Hata hivyo, historia iliyoelezwa hapa inaonesha kwamba kubadili taasisi hakubadili jiografia. Kua haukuanguka kwa kukosa msamaha wa ushuru, wala hautainuliwa na msamaha huo. Swali la msingi kwa watafiti wa maeneo huru ni hili: nani huchagua mahali pa kuchora mpaka, na nani huachwa nje yake?