Kuihukumu Picha ya Senema

Somo la historia lililosomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima

Leo somo letu la historia halihusu wafalme. Lahusu picha za senema, na namna ya kuzihukumu.

Mama akienda dukani kununua kanga, haichukui kwa sababu ya rangi tu. Huikunjua, huishika, huitazama kwenye mwanga, husoma maneno yake, kisha husema, "Hii nzuri," au, "Hii itachuja." Yuko mtu afanyaye vivyo hivyo kwa senema. Huyo huitwa mhakiki. Huitazama picha, kisha huandika gazetini maneno machache: inafaa au haifai, na kwa nini. Hilo "kwa nini" ndilo lenye thamani. Asemaye "nzuri" bila sababu ametupa maoni yake tu. Atoaye sababu ametupa kipimo, nasi twaweza kukitumia wenyewe.

Leo tutapitia picha chache za zamani, na kila moja nitaikatia hukumu fupi. Maswali yangu ni mawili. Je, imetengenezwa kwa ustadi? Je, yasema kweli?

Ya kwanza. Tarehe 28 Desemba 1895, katika mkahawa mmoja mjini Paris, ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu picha kumi zinazokwenda. Kiingilio kilikuwa faranga moja. Kila picha haikufika hata dakika moja. Mojawapo ilionyesha wafanya kazi wakitoka katika kiwanda cha ndugu hao mjini Lyon. Hakuna hadithi ndani yake: mlango wafunguka, watu watoka, basi. Twaweza kudhani kwamba hiyo ni kweli tupu. Lakini picha hiyo ilipigwa zaidi ya mara moja, na wafanya kazi walitoka mlangoni tena na tena. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Hukumu yangu: ni fupi na ni safi, na yatufundisha kwamba nyuma ya kila picha yuko mtu aliyechagua tuone nini.

Ya pili ni Safari ya Mwezini, ya mwaka 1902. Mtengenezaji wake, Georges Méliès, alikuwa mfanya mazingaombwe. Wataalamu waingia ndani ya risasi kubwa, wapigwa kwa mzinga, nao waangukia katika jicho la mwezi. Huko wapigana na viumbe ambao wakiguswa kwa mwavuli hugeuka moshi. Hakuna hata jambo moja la kweli, wala hakuna aliyedanganyika, maana kila mtu ajua kwamba hii ni hadithi. Hukumu yangu: ni ustadi mkubwa, na ni uongo usiomdhuru mtazamaji.

Ya tatu ni nzito. Mwaka 1915, huko Marekani, D. W. Griffith alitoa picha iitwayo Kuzaliwa kwa Taifa. Urefu wake ni kama saa tatu. Yaeleza habari za vita vya wenyewe kwa wenyewe, vya mwaka 1861 hata 1865, na miaka iliyofuata baada ya watumwa kupata uhuru. Kwa ustadi, wachache wakati ule waliweza kumshinda Griffith. Lakini aliwaonyesha watu weusi kuwa wajinga na wakatili, na wengi wao waliigizwa na wazungu waliojipaka rangi nyeusi. Watu wa Ku Klux Klan, waliokuwa wakiua na kutisha watu usiku, aliwaonyesha kuwa mashujaa. Kweli ya historia ni nyingine. Baada ya vita hivyo wanaume weusi walipiga kura, baadhi yao wakachaguliwa katika mabaraza, wakasaidia kuanzisha shule za umma katika majimbo ya kusini.

Picha hiyo ilionyeshwa hata katika nyumba ya Rais Woodrow Wilson. Chama cha NAACP, kilichoundwa mwaka 1909 kutetea haki za watu weusi, kiliipinga. Hata hivyo, mwaka huo huo wa 1915 Ku Klux Klan, iliyokuwa imekufa, ilifufuliwa katika jimbo la Georgia, na picha hiyo ikatumika kuvutia wanachama. Hukumu yangu: ni ustadi wa hali ya juu uliotumikia uongo. Nao uongo uliopambwa vizuri huenda mbali kuliko uongo mchafu.

Ya nne ni picha ya Oscar Micheaux, Mmarekani mweusi, mtoto wa wazazi waliopata kuwa watumwa. Mwaka 1920 alitoa picha ya mwalimu wa kike anayetafuta fedha ili shule ya watoto maskini weusi isifungwe. Ndani yake alionyesha pia jinsi watu weusi walivyouawa na makundi ya wazungu bila hukumu. Fedha zake zilikuwa chache, na kwa uzuri wa picha Griffith alimshinda. Kwa kweli, Micheaux alimshinda Griffith. Kwa miaka mingi picha hiyo ilipotea, mpaka nakala moja ikaonekana Hispania. Hukumu yangu: itazameni kwa heshima.

Ya tano yatuhusu kwa karibu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walitengeneza picha 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya, na kuweka akiba. Ziliandamana na maelezo katika lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo, yaliyotiwa katika sahani za santuri. Motokaa ilizichukua kuzionyesha Tanganyika, Kenya, Uganda, na nchi za jirani. Mwafrika alikuwa mchezaji, naye alikuwa mtazamaji. Lakini uamuzi wa picha iseme nini ulikaa mikononi mwa wengine. Hukumu yangu: kumfundisha mtu kujikinga na maradhi ni jambo jema, kumwonyesha maisha yake bila kumpa neno la kusema ni upungufu.

Ya sita ni Wezi wa Baiskeli, ya Vittorio De Sica wa Italia, ya mwaka 1948. Mtu maskini apata kazi ya kubandika matangazo, lakini kazi hiyo yataka baiskeli. Mkewe apeleka mashuka rehani ili waikomboe. Siku ya kwanza ya kazi, baiskeli yaibwa. Yeye na mwanawe mdogo wazunguka Roma wakiitafuta. Aliyeigiza baba huyo hakuwa mchezaji kwa kazi yake, bali mfanya kazi wa kiwandani. Hukumu yangu: hadithi si ya kweli, lakini shida yake ni kweli. Kila aliyepata kutafuta kazi ataijua.

Ya mwisho ni Borom Sarret, ya mwaka 1963, yenye urefu wa dakika kama 20. Yatoka Senegal. Ousmane Sembène, aliyepata kuwa mchukuzi bandarini Marseille, alikuwa akiandika vitabu kwa Kifaransa, akaona kwamba wengi wa watu wake hawawezi kuvisoma. Kwa hiyo akashika kamera. Picha yaeleza siku moja ya mwenye gari la farasi mjini Dakar. Kutwa nzima achukua abiria, na senti alizopata azitoa kwa msifu mtu. Aingia mtaa wa matajiri, na askari amnyang'anya gari lake. Arudi mikono mitupu, na mkewe ampa mtoto, akatoka kwenda kutafuta chakula. Hukumu yangu: ni ndogo, haikupambwa, nayo yasema kweli. Hapa Mwafrika alisema mwenyewe.

Wanafunzi wangu, mnajifunza kusoma ili msidanganywe na karatasi. Basi vivyo hivyo jifunzeni kuzisoma picha, iwe ukutani, iwe katika simu ya mkononi. Picha haitaji kiapo, wala haiwajibu mtu akiiuliza. Ni sisi tunaopaswa kuuliza.

Baada ya redio kuzimwa, zungumzeni pamoja na mwalimu wenu:

1. Ni picha gani uliyopata kuiona ukaiamini yote? Nani aliitengeneza, na kwa faida ya nani?
2. Kati ya Griffith na Micheaux, nani alikuwa fundi zaidi, na nani alistahili kuaminiwa?
3. Andika hukumu yako ya picha moja kwa mistari mitatu. Usisahau "kwa nini".

Kwaherini, mpaka somo lijalo.