Mwanza hadi Dar kwa ndege: ni kilomita ngapi na unatumia saa ngapi?

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Mwanza hadi Julius Nyerere, Dar es Salaam, ni takriban kilomita 850 angani. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, kupitia Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro.

Muda unategemea aina ya ndege. Ya jeti, kama Airbus A220, hutumia saa 1 na dakika 15 hadi 30. Ya mapanga, kama Dash 8 au ATR, huenda taratibu zaidi: karibu saa 2.

Lakini kwa msafiri wa Lagangabilili, safari haianzii uwanjani. Unafika kwanza Bariadi, halafu kama kilomita 72 za lami hadi Lamadi, ndipo unashika barabara ya Musoma–Mwanza kupitia Magu. Uwanja wenyewe uko Ilemela, kwa hiyo ukishuka stendi bado una safari ya mjini.

Piga hesabu hivi:
- Nyumbani hadi uwanjani: tenga saa 5
- Kufika kabla ya ndege kuruka: saa 2
- Angani: saa 1 na nusu

Jumla ni saa 8 na nusu. Kama una mgonjwa mwenye rufaa ya Muhimbili na ndege ni ya asubuhi, lala Mwanza. Kaunta ikifungwa, ndege haikusubiri hata kama unaiona.