Chambo cha uongo na baruti za kweli

Wadau, leo siasa tuiweke pembeni. Nataka tuongelee chambo cha uongo, yaani kile kisamaki cha mti au plastiki, ama kishada cha manyoya, kinachofungwa kwenye mshipi kumdanganya samaki anayekula wenzake. Hasa kile kilichochakaa, ambacho mvuvi wa Mikindani au Msimbati hakitupi.

Wanaakiolojia waliochambua mifupa ya samaki kwenye miji ya kale ya Waswahili wanasema karne za mwanzo watu walikula zaidi samaki wa karibu, wa miambani. Ni baada ya mwaka 1000 hivi ndipo wa maji ya nje wanapoanza kuonekana kwa wingi. Huko nje aliko nguru, mshipi hukokotwa nyuma ya chombo kinachokwenda, na chambo lazima kicheze.

Kisamaki cha dukani nacho kina asili ya kimaskini. Mwaka 1936 mvuvi wa Finland, Lauri Rapala, alichonga cha kwanza kwa koki, akakivika karatasi ya chokoleti, akayeyusha filamu za picha na kupaka juu kama vanishi. Alikuwa ameona kwamba samaki mkubwa humrukia mdogo anayeyumba kama mgonjwa. Agosti 1962 jarida la Life la Marekani lilimwandika kwenye toleo lenye habari za kifo cha Marilyn Monroe, na maombi yakafurika. (Wafini hao hao ndio waliofadhili mradi wa RIPS Mtwara na Lindi miaka ya 1990. Sidhani kama walituletea visamaki!)

Kinachokufa kwanza ni chuma. Mwili huwa bado mzima. Unatoa ndoana iliyooza, unaweka nyingine, unakagua pete isiwe imefunguka. Yenye kutu ya juu juu unaipiga msasa na kuinoa kwa tupa, kisha unaijaribu kwenye ukucha: ikiteleza, bado, iking'ang'ania, tayari. Iliyoliwa mpaka ikawa nyembamba usiionee huruma. Manyoya yaliyonyofoka weka ya kuku, au chana nyuzi za gunia la nailoni. Rangi iliyobanduka? Rangi ya kucha ya dada inatosha. Mbele funga kipande cha waya, maana meno ya nguru hukata nailoni kama mkasi.

Baruti haitaki yote hayo. Imekuwepo kwenye uvuvi wetu tangu miaka ya 1960, na Mtwara imeumia sana. Mwaka 1997 wanavijiji wa kusini waliunda Shirikisho kupambana nayo. Mwaka 2000 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kama kilomita za mraba 650. Kufikia 2018, baada ya msako mkali wa serikali, milipuko ilikuwa imepungua sana.

Sawa, lakini kijana aliyekulia kwenye baruti atavua kwa nini? Tunazungumzia matumbawe yaliyovunjika, na ni haki, ila baruti imevunja na darasa. Haimfundishi mtu upepo, wala kina, wala samaki anapenda nini mwezi gani. Elimu hiyo sikuiona kwenye kitabu chochote chuoni. Mdau mwenye babu Mikindani au Msimbati, muulize anafunga manyoya kwa uzi gani, kabla hajaacha kwenda baharini.